Kurekebisha siti ya gari ukiwa umevaa helmeti: mwongozo kamili kwa dereva na msoma ramani wa Tanga

Ukimwona dereva anashuka garini mwisho wa steji, yaani kipande cha barabara kinachoshindaniwa kwa muda, huku anajikanda shingo, usiharakishe kuilaumu barabara. Mara nyingi maumivu hayo yalianzia gereji, siku siti ilipofungwa na kupimwa mwenyewe akiwa kichwa wazi. Helmeti huongeza sentimita kadhaa juu ya utosi, na hilo kila mtu hulikumbuka kwa sababu anagonga paa. Kinachosahaulika ni kwamba huongeza karibu kiasi kilekile nyuma ya kichogo. Siti iliyokukaa vizuri jana jioni, leo inakusukuma kichwa mbele, kidevu kinashuka kifuani, na misuli ya shingo inabeba mzigo ambao ungekaa wenyewe juu ya uti wa mgongo.

Mzigo wenyewe si mdogo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Helmeti ya gari inaongeza kilo 1.3 au 1.5, na ukivaa balaklava (soksi ya kichwani ya ndani ya helmeti) na vifaa vya mawasiliano unazidi kidogo. Kichwa kikiwa wima, mifupa ndiyo inayobeba. Kikisogezwa mbele sentimita tatu tu, kazi inahamia kwenye misuli, na kila shimo la barabarani linaizidisha.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kichwani. Tunaanza na helmeti, tunauweka mwili, ndipo tunaisogeza siti iufuate mwili, na usukani tunauacha mwisho. Nawaandikia hasa vijana wa Tanga wanaojenga gari lao la kwanza la mbio, iwe Starlet, Corolla au Impreza iliyochoka, katika magereji ya Ngamiani au kwenye uwanja wa nyumba kule Pongwe. Mkoa wetu unaijaribu siti kwa namna mbili. Barabara za mashamba ya mkonge zimenyooka, zina vumbi na mawimbi kama bati, zinakurusha juu na chini. Ukipanda Amani kutoka Muheza, kona zinafuatana, unasukumwa kushoto na kulia bila kupumzika. Siti iliyopimwa kwa tambarare peke yake itakuumiza mlimani.

Anza na helmeti yenyewe

Usipime siti kwa helmeti ya kuazima. Unene unatofautiana kati ya aina na aina, na kazi yote itakuwa bure utakapovaa yako.

Hakikisha pia ni helmeti ya gari. Najua helmeti za pikipiki zimejaa mjini na bei yake inavutia, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya moto wala kwa kugonga mara kwa mara mabomba ya rolikeji, ile fremu ya chuma inayowalinda waliomo gari likipinduka. Angalia lebo ya ndani, chini ya kitambaa: tafuta alama ya Snell, taasisi inayopima helmeti, yenye herufi SA, au ya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, yenye namba 8859 au 8860. Herufi M ya Snell ni ya pikipiki. Helmeti ikubane mashavuni kiasi kwamba ukiitikisa, ngozi ya uso inatikisika nayo. Ikicheza, kipimo cha siti nacho kitacheza.

Halafu vaa kila kitu utakachovaa siku ya mbio: ovaroli, viatu vya soli nyembamba, glavu, balaklava, na kifaa cha HANS, kile kinachokaa mabegani kulinda shingo, kama unacho. Tanga kuna joto na mtu hushawishika kupima akiwa na fulana na kandambili. Usifanye hivyo. Soli ya kiatu peke yake inabadilisha pembe ya goti, na ovaroli nene inakuinua kwenye siti.

Chukua tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Simama wima kwenye sakafu tambarare, angalia mbali mbele yako, mfano ukuta wa nyumba ya pili, shingo ikiwa imetulia. Mwenzako abandike kipande cha tepu ubavuni mwa helmeti, kikiwa mlalo kamili, akikipima kwa pimamaji. Tepu hiyo ndiyo itakayoamua kila kitu. Ukiwa garini umeegemea, macho yakiangalia mbele bila kujilazimisha, tepu ikae mlalo vilevile. Ikiinama mbele, kichwa kinasukumwa. Ikiinuka mbele, umelala kupita kiasi na unatazama barabara kwa chini ya macho.

Jipime nje ya gari

Kaa kwenye benchi gumu lililosukumwa hadi ukutani, makalio na mabega yaguse ukuta, helmeti kichwani. Utagundua jambo la kwanza papo hapo: helmeti inagusa ukuta kabla ya mabega kutulia, na kichwa kinakuja mbele. Pima pengo linalohitajika kati ya ukuta na mabega ili tepu irudi mlalo. Kwa wengi ni sentimita 2 hadi 4. Andika namba hiyo, tutairudia.

Kisha pima kutoka kwenye benchi hadi juu ya helmeti. Tuseme ni sentimita 94. Nenda kwenye gari, bonyeza siti kwa uzito wa mtu, pima kutoka sehemu iliyobonyea hadi kwenye paa au bomba la rolikeji lililo juu ya kichwa. Ukikuta 97, una sentimita 3, na hazitoshi. Lenga angalau 5 ukiwa umefungwa mkanda, kwa sababu mkanda huvutika kidogo gari linaporuka na mwili hupanda nao. Ukiegemea nyuma kidogo, helmeti inashuka kiasi, kwa hiyo pima tena ukiwa umekaa, usitegemee hesabu ya benchi peke yake.

Gari liwe limesimama kwenye saruji tambarare. Weka pimamaji kwenye kizingiti cha mlango kabla ya kuanza. Gari lililoinama nyuma litakudanganya kuhusu pembe ya mgongo wa siti.

Ukiwa na siti ya kawaida iliyokuja na gari

Wengi wanaanza hapa, na hakuna ubaya kwa mazoezi au mbio ndogo za kupima muda kwenye uwanja uliofungwa. Siti ya kawaida ina reli, ina kishikio cha kulaza mgongo, pengine na cha kupandisha kikalio.

Shusha kikalio hadi mwisho. Sukuma makalio nyuma kabisa, kwenye kona ya siti, pasiwe na uwazi. Ndipo utazame mwenzako anavyoiona tepu. Karibu kila mara itakuwa imeinama mbele, kwa sababu hedresti (egemeo la kichwa) ya kiwandani ilibuniwa iwe karibu na kichwa kisicho na helmeti.

Kuna wanaoing'oa hedresti. Nawasihi msifanye hivyo. Gari likigongwa nyuma, au likirudi kinyumenyume kwenye mti, hedresti ndiyo inayozuia shingo isikunjike, na helmeti inaongeza uzito wa kile kinachorushwa. Lalisha mgongo wa siti nyuma kijino kimoja kwa wakati, kila kijino uangalie tepu, kisha vuta siti mbele ili ufidie umbali wa mikono. Vijino viwili au vitatu mara nyingi vinatosha.

Kama tepu bado imeinama na tayari unahisi umelala, rudi kwenye ile namba ya ukutani. Helmeti imeongeza sentimita 3 nyuma ya kichogo, basi ongeza karibu sentimita 3 nyuma ya mgongo, kuanzia kiunoni hadi chini ya mabega. Tumia sponji ngumu isiyobonyea kirahisi, ishonewe kwenye kava au ifungwe imara kwa nyuma, isiteleze. Mwili mzima unakuja mbele, na kichwa kinapata nafasi yake kati ya mabega na hedresti. Ni dawa ya bei ndogo, na sioni kwa nini haitumiki zaidi.

Mtu mrefu anayegonga paa anaweza kumpelekea fundi wa siti akachonge sponji ya kikalio sentimita 2 au 3. Fundi asiguse fremu wala springi, na asichonge siti yenye waya wa eabegi (mfuko wa hewa) au sensa ndani. Waya hizo huwa na plagi ya njano. Ukiona njano chini ya siti, chomoa terminali ya betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kufungua chochote.

Eabegi ya usukani nayo inahitaji nafasi. Kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani.

Siti ya baketi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Siti ya baketi, ile ya mbio yenye ganda moja linalokukumbatia, ikishafungwa haina kijino cha kulaza, na kosa la sentimita moja utalibeba steji baada ya steji.

Kabla ya kuinunua, hasa zile zilizotumika zinazotoka nje, soma lebo ya nyuma. Siti ya kiwango cha FIA 8855-1999 ina uhai wa miaka 5 tangu mwaka ilipotengenezwa. Siti iliyopita muda inaweza kufaa kwa kujifunzia kukaa, lakini usitarajie wakaguzi waikubali. Kaa ndani yake ukiwa na helmeti na HANS. Matundu ya kupitishia mikanda ya mabegani yawe usawa wa mabega yako au juu kidogo. Yakiwa chini ya mabega, mkanda utakukandamiza uti wa mgongo kuelekea chini gari linapogonga. Kama siti ina masikio ya kuzuia kichwa, helmeti ipite katikati yake ikibaki na nafasi ya vidole viwili kila upande. Ikisugua, kila mtikisiko utapita moja kwa moja kichwani. Ikiwa na nafasi kubwa, masikio hayana kazi kwenye kona za Amani.

Siti nyingi za namna hii hufungwa kwa breketi za ubavuni zenye matundu mengi. Matundu hayo ndiyo marekebisho yako. Kati ya bolti ya mbele na ya nyuma kuna sentimita 29 hivi. Ukiishusha bolti ya nyuma kwa sentimita 1, siti inalala nyuzi 2, na kichwa, kilicho kama sentimita 80 juu yake, kinarudi nyuma karibu sentimita 3. Badiliko dogo chini, kubwa juu. Kwa hiyo nenda tundu mojamoja, usiruke. Kumbuka pia kwamba kulaza siti yote kunainua mapaja, na goti linakaribia usukani.

Utaratibu ninaoupenda ni huu. Fungia breketi kwenye siti kwa bolti zilizolegea, iweke siti ndani bila kuifunga sakafuni, na dereva akae. Mwenzako asimame nje upande wa mlango uliofunguliwa, apige picha ya pembeni, simu ikiwa usawa wa bega. Kwenye picha, tundu la sikio la helmeti liwe juu ya bega au nyuma yake kidogo. Likiwa mbele ya bega, bado. Halafu muache dereva apumue, azungumze, asahau kidogo kwamba anapimwa, na mpige picha nyingine.

"Kaka, kaa kama unavyokaa siku zote," fundi atamwambia, "usikae kama uko studio."

"Ndivyo ninavyokaa, fundi."

"Haya, egemea kichwa nyuma."

Hapo ndipo kichwa kinarudi sentimita mbili, na ukweli unaonekana. Dereva aliyekaa kwa kujikaza anatoa kipimo kizuri ambacho hataweza kukishikilia dakika kumi.

Kati ya kichogo cha helmeti na egemeo la siti acha pengo dogo, vidole viwili hivi. Kikigusa muda wote, mtetemo wa bodi unaingia kwenye helmeti na macho yanashindwa kutulia barabarani. Pengo likiwa la kiganja kizima, kichwa kitapata mwendo kabla ya kugonga egemeo.

Kama tepu inakataa kukaa mlalo hata baada ya kulaza, tumia mbinu ileile ya sponji nyuma ya mgongo, nyembamba na ngumu. Usiweke sponji nene laini chini ya makalio ili kujiinua. Gari likigonga, sponji inabonyea, mwili unashuka, na mkanda ulioukaza unakuwa umelegea ghafla. Anayehitaji kupanda apandishe breketi.

Kwenye kuifunga siti sakafuni sitaki mjadala. Kila siti ifungwe kwenye angalau sehemu nne za bodi, kwa bolti za milimita 8 au zaidi, zile zinazofunguliwa kwa spana 13. Kanuni za FIA zinataka breketi za chuma zenye unene wa milimita 3 au zaidi, au milimita 5 zikiwa za aloi nyepesi, na kila mahali pa kushikia pawe na eneo la sentimita za mraba 40 kwenye bodi, pamoja na bamba la chuma upande wa pili. Bati la sakafu peke yake litachanika. Mnara wa washa zilizopangwa ili kuinua siti haukubaliki, wala kipande cha mbao. Fundi wa kuchomelea mwenye mkono mzuri atakutengenezea breketi ya kimo unachotaka kwa siku moja.

Mabomba yaliyo karibu na helmeti yavishwe pedi ngumu ya kiwango cha FIA 8857-2001. Ile sponji nyeusi ya mabomba ya AC inayouzwa madukani inaonekana kama pedi, lakini ni laini mno: helmeti inaipita kana kwamba haipo na kugonga chuma.

Miguu na mikono

Sasa mwili umetulia, tuulete usukani na pedeli kwake. Kanyaga klachi hadi mwisho. Goti libaki limekunjwa kidogo, na paja lisinyanyuke kutoka kwenye siti. Ukilazimika kunyoosha mguu wote, siti iko mbali, na utakuwa unateleza mbele kila unapokanyaga breki, kichwa nacho kikishuka chini ya mstari wake.

Nyoosha mkono juu ya usukani bila kuondoa bega kwenye siti. Kifundo cha mkono kikae juu ya usukani. Ukishika sawasawa, viwiko vikunjike vizuri. Kama mkono haufiki, usirudi kuisimamisha siti na kuharibu kazi ya kichwa. Tafuta spesa ya usukani, kipande kinachousogeza karibu nawe, au shusha usukani kama gari linaruhusu. Kwenye Starlet na Corolla za zamani usukani huwa mbali kwa mtu mrefu, na spesa ndiyo suluhisho la kweli.

Ukishuka chini na kulala kidogo, macho nayo yameshuka. Hakikisha bado unaona barabara juu ya boneti bila kunyoosha shingo. Mtu mfupi aliyeshushwa sana ili helmeti ipate nafasi isiyohitajika anaendesha akichungulia, na huko ni kujiumiza shingo kwa njia nyingine. Rekebisha vioo upya ukiwa na helmeti, maana kichwa hakigeuki kama kilivyozoea na masikio ya siti yanakata pembe za macho.

Mkanda na HANS

Kifaa cha HANS kilibuniwa na Robert Hubbard, profesa wa uhandisi wa mwili katika Chuo Kikuu cha Michigan State, pamoja na dereva Jim Downing, miaka ya 1980. Formula 1 ilikifanya cha lazima mwaka 2003. Kazi yake ni kuzuia kichwa kisirushwe mbele wakati mwili umeshikwa na mkanda. Kinakaa mabegani, mikanda inapita juu yake, na kamba mbili zinakiunganisha na helmeti.

Kwa siti, maana yake ni kwamba mgongoni mwako kuna kitu kigumu zaidi kinachodai nafasi. HANS hutengenezwa kwa pembe tofauti, na ya nyuzi 20 ndiyo inayotumika sana kwenye magari yenye paa. Kikikuchoma juu ya mfupa wa kifua, au kikisukuma helmeti kwa nyuma, chunguza pembe ya siti kabla ya kulaumu kifaa. Na kama uliweka sponji mgongoni, ikomee chini yake.

Funga mkanda wa nyonga kwanza. Ulale juu ya mifupa ya nyonga, chini ya tumbo, ukazwe hadi uhisi umeshikwa. Fuatia wa katikati ya miguu, kisha wa mabegani mwisho. Ukianza na mabega, unauvuta mkanda wa nyonga hadi unapanda tumboni. Mikanda ya mabegani iende nyuma ikiwa mlalo au ikishuka kidogo, nyuzi 10 hadi 20. Mkanda uliofungwa sakafuni nyuma ya siti unashuka sana na kukugandamiza chini, na mtu hudhani siti ndiyo inayomuumiza mabega.

Ukishakazwa, angalia tepu tena. Mkanda hukusogeza, na mara nyingi kichwa kinabadilika kwa kiasi unachoweza kukiona. Geuza kichwa kushoto na kulia: kamba za HANS zikuruhusu kuona kioo cha pembeni.

Msoma ramani ana siti yake

Yeye hatazami mbele. Anainama kwenye noti, yale maelezo ya barabara anayomsomea dereva, anainua macho, anainama tena, steji nzima. Akiinama, sehemu ya nyuma ya helmeti inapanda na kusogea kuelekea bomba. Mpime katika mikao yote miwili, na nafasi ya sentimita 5 ihesabiwe akiwa ameinama vilevile.

Siti yake inaweza kuwa chini na nyuma zaidi ya ya dereva, kwa sababu hahitaji kuona boneti. Lakini miguu yake lazima iwe na ubao imara wa kukanyagia. Bila ubao anajishikilia kwa tumbo na shingo, na kufika mwisho wa steji ya mkonge amechoka kuliko dereva. Ubao mdogo wa kuwekea noti juu ya mapaja, ulioinuliwa kidogo, unampunguzia kuinama, na hilo linasaidia shingo kuliko sponji yoyote. Usiwe na ncha kali, na ufunikwe pembeni. Kofia ya mbele ya helmeti yake isigonge dashibodi akiinama: mwambie ainame kwa nguvu, kama gari limekita shimoni.

"Dada, unasoma vizuri hapo?" Muulize, na umsubiri asome ukurasa mzima kabla ya kujibu.

Kujaribu

Kwanza kaeni garini bila kuwasha, mmefungwa kila kitu, dakika 20. Fungueni milango ili upepo upite, maana joto la pwani ndani ya ovaroli halina mchezo, na maji ya kunywa yawe karibu. Maumivu ya siti hujitokeza katika utulivu huo. Ukiumwa nyuma ya shingo, kichwa bado kinasukumwa mbele: laza tundu moja au ongeza sponji mgongoni. Ukiumwa mbele ya shingo, umelala mno. Mabega yakiuma, usukani uko mbali. Kiuno kikiuma, kuna uwazi chini ya mgongo, ujaze. Mapaja yakifa ganzi, ukingo wa mbele wa siti uko juu. Ukiumwa paji la uso, siti haina hatia, ni saizi ya helmeti.

Kisha endesheni polepole mahali palipofungwa na kwa ruhusa ya mwenye eneo. Barabara ya shamba yenye mawimbi inafaa sana kwa jaribio hili. Msoma ramani awe na kazi moja tu, kuitazama tepu ya dereva na kusema inapoinama. Kisha mbadilishane kazi mkiwa mmesimama. Helmeti ikigonga popote, hata kwa mguso mdogo, rudini gereji. Mkienda kwa kasi mguso huo utakuwa pigo.

Fanyeni pia zoezi la kutoka. Mmefungwa, helmeti na HANS vikiwa kichwani na mabegani, toeni mkanda na mshuke haraka, kila mmoja kwa mlango wake, kisha kwa mlango wa mwenzake. HANS hupenda kukwama kwenye masikio ya siti na kwenye bomba la mlangoni. Siti iliyoshushwa sana inaweza kukufanya ushindwe kujiinua. Ikiwa hivyo, ipandishe, hata kama utapoteza starehe kidogo.

Baada ya kupata kipimo

Chora alama ya rangi kwenye reli na kwenye matundu ya breketi yaliyotumika. Andika vipimo kwenye daftari la gari: kimo, pembe ya mgongo, umbali wa usukani. Kama ndugu wawili mnatumia gari moja, fungeni siti kwa mrefu, na mfupi ashonewe mto mgumu wa mgongoni na wa kikalio, mwembamba, unaoshikamana na siti kwa mkanda.

Kwa gari lenye siti ya kawaida ambalo pia linakupeleka kazini, rudisha siti na hedresti kwenye alama ya kila siku kabla ya kuingia barabara kuu. Bila helmeti, siti iliyolazwa inakuacha mbali na hedresti, na hapo haikulindi.

Chumvi ya bahari haina huruma kwa chuma, na vumbi jekundu la mashambani linaingia kwenye reli na kukauka kama saruji. Baada ya kila mbio sugua reli kwa brashi, zipake grisi kidogo, na kaza bolti zote za siti kwa spana, mojamoja, hata zile unazoamini hazijalegea. Bolti yenye kutu shingoni ibadilishwe na nyingine ya daraja lilelile la ugumu au zaidi, namba yake imeandikwa kichwani: 8.8 ni ya kuanzia. Kutu ya Tanga hujificha chini ya zulia la sakafu, kwa hiyo fungua zulia.